Ng'ombe ni Mali ya Nyumba: Safari ya Nyama kutoka Mpimbwe hadi Sumbawanga

Majimoto ni mji mdogo wa biashara katika Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, kwenye Bonde la Rukwa. Umezungukwa na majaruba ya mpunga, na nyuma ya majaruba kuna ng'ombe. Mgeni akiona makundi yanavyovuka barabara jioni atadhani lazima kuna kiwanda cha nyama karibu. Hakipo. Nyama inayoliwa pale husafiri mwendo mfupi, kutoka machinjio hadi bucha na kutoka bucha hadi chunguni, na yote huisha siku ileile. Ng'ombe anayekwenda mbali huondoka kwa miguu yake au juu ya lori, akiwa hai.

Mpangilio huu una historia yake. Kwa zaidi ya miaka 70 nchi hii imejaribu kuiondoa nyama mikononi mwa familia na kuiweka kiwandani. Ilianza serikali ya mkoloni ikishirikiana na kampuni ya Ulaya, ikafuata serikali ya wananchi, kisha mzee mmoja wa Rukwa aliyejenga kiwanda nyumbani kwake, Sumbawanga. Katika majaribio yote matatu mwenye neno la mwisho alikuwa yuleyule: mwenye zizi.

Bonde lisilo na ng'ombe

Zamani Mpimbwe haikuwa nchi ya mifugo. Wapimbwe walikuwa wakulima, wavuvi na wawindaji, na kitoweo chao kilitoka porini na kwenye Ziwa Rukwa. Ng'ombe hawakuweza kukaa kwa sababu ya mbung'o. Pori la miombo linaloanzia kaskazini kuelekea Tabora na kushuka hadi bondeni lilijaa mdudu huyo, na ugonjwa wa nagana alioueneza ulimaliza kundi kabla halijazaana mara mbili. Juu kwenye nyanda za Ufipa, kwenye baridi na nyasi fupi, watu walifuga. Bondeni walikuwa wanawinda.

Usindikaji wa kwanza wa nyama katika nchi hii ulifanyika juu ya uchaga. Mnyama mkubwa akiangushwa mbali na kijiji, nyama ilichanwa vipande virefu, ikapangwa juu ya miti na kuwashiwa moto mdogo wa moshi mwingi. Ikishakauka ilikuwa nyepesi kubeba, haikuoza njiani, na ilibadilishwa kwa nafaka au chumvi. Kazi hiyo ilifanywa na ndugu wachache, na mgao ulifuata undugu. Kila ninachokieleza kuhusu viwanda hapa chini nakipima kwa hesabu hii ya kale: nani aliyemleta mnyama, nani aliyefanya kazi, nani alipata sehemu gani.

Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki yote na kuua ng'ombe na wanyamapori bila kuchagua. Miaka ya 1920, chini ya Waingereza, malale ilifanya serikali iwahamishe watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili misitu iliyobeba mbung'o isiingie uani. Nia ilikuwa afya, lakini kulikuwa na tokeo ambalo halikupangwa. Maeneo makubwa yalibaki bila watu, pori likarudi, na baadhi ya maeneo hayo yakaishia kuwa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974. Mpaka wake ungekuja kuwa jambo la kufa na kupona kwa wafugaji, ila wakati huo wafugaji wenyewe walikuwa hawajafika.

Mwaka 1950 reli ilifika Mpanda kutoka Kaliua. Haikuletwa na ng'ombe. Iliifuata risasi, yaani yale madini, iliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi haukudumu, ila mji ulibaki, na pamoja nao wakabaki wafanyakazi, makarani na wachuuzi waliozoea kununua nyama kwa fedha.

1947 hadi 1967: Kopo la Kawe

Wakati reli ya Mpanda ikijengwa, ufukweni Dar es Salaam kulikuwa kunainuliwa kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1947 iliundwa Tanganyika Packers Limited, serikali ikiwa na hisa nyingi na zilizobaki zikishikwa na Liebig's Extract of Meat Company ya London. Kiwanda kilijengwa Kawe, na kufikia mwaka 1950 kilikuwa kinafanya kazi.

Liebig haikuwa kampuni ndogo. Ilianzishwa mwaka 1865 kutokana na ugunduzi wa mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig, aliyeonyesha namna ya kuchemsha nyama hadi ibaki rojo nzito yenye ladha. Ulaya ng'ombe alikuwa ghali. Uruguay, kwenye mji wa Fray Bentos, ng'ombe alichinjwa kwa ajili ya ngozi na nyama ikatupwa. Kampuni ikaenda huko, ikachemsha nyama hiyo na kuisafirisha. Tangu hapo fikra yake ilikuwa moja: tafuta nchi ambako ng'ombe ni wengi na bei yao ni ndogo. Ilishafika Kenya kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kiwanda chake cha Athi River ndicho kilichochukuliwa na Kenya Meat Commission mwaka 1950.

Waingereza walitoka vitani wakiwa na uhaba wa nyama na bado wakila kwa mgao. Tanganyika, kwa macho ya maofisa wao, ilikuwa na ng'ombe "wengi mno". Usukumani waliendesha mpango mkubwa wa maendeleo uliotaka mifugo ipunguzwe ili ardhi ipumzike. Mambo mawili yakakutana: ofisa wa kilimo alitaka ng'ombe wapungue, na kiwanda kilitaka ng'ombe waje. Minada ilifunguliwa, njia za mifugo zikapimwa, mabehewa yakaandaliwa. Ng'ombe wa Usukuma na Ugogo walitembea siku nyingi hadi stesheni, wakashuka pwani wamekonda, na kwa ng'ombe wa aina hiyo matumizi yaliyofaa yalikuwa kopo. Ng'ombe aliyenona huuzwa vipande vibichi kwa bei nzuri. Aliyekonda na mzee hupikwa, hukatwakatwa na kufungiwa kwenye bati.

Mfugaji alilijua hilo, na hapa ndipo ninapoona mzizi wa kila kilichofuata. Aliombwa auze ng'ombe wake kwa bei ya kopo wakati kwake ng'ombe yule hakuwa nyama hata kidogo. Katika nyumba ya Kisukuma ng'ombe alikuwa mahari ya kijana, maziwa ya watoto, jembe la kukokotwa na akiba ya mwaka wa njaa. Aliuzwa kwa sababu maalumu: ada, ugonjwa, kesi, harusi. Aliyeuzwa mara nyingi alikuwa maksai mzee au jike lisilozaa tena. Mabwana mifugo waliandika kwamba Mwafrika "anapenda kuhesabu ng'ombe". Hawakuandika kwamba benki haikuwepo, na kwamba hakuna benki ambayo ingempa mtu wa Maswa au Shinyanga riba ya ndama mmoja kwa mwaka.

1967 hadi 1993: Nyama ya serikali

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na nyama haikuachwa. Iliundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Mifugo, iliyojulikana kwa kifupi chake LIDA, na chini yake kila hatua ikapewa shirika. Ranchi zilipata NARCO mwaka 1975, minada ikapata kampuni ya kuuza mifugo, maziwa yakapata yake, na kiwanda kikabaki Tanganyika Packers, ambayo katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa mali ya serikali tupu. NARCO ilirithi Kongwa, pale ambapo mradi wa karanga wa Waingereza ulikufa, na mkoani Rukwa ikaendesha ranchi ya Kalambo.

Kwenye karatasi mnyororo ulikuwa kamili. Ndama azaliwe ranchini, anunuliwe na shirika, asafirishwe na shirika, afungwe kwenye kopo na shirika. Viwanda vingine viwili vikajengwa, kimoja Shinyanga na kingine Mbalizi karibu na Mbeya. Kile cha Shinyanga kilikamilika, mitambo ikafungwa, na hakikuwahi kuingia kwenye uzalishaji. Majengo yake yamesimama miaka yote hiyo katikati ya nchi yenye ng'ombe wengi kuliko nyingine yoyote Tanzania.

Kilichokosekana kilikuwa bei. Bei ya kiwanda ilipangwa ofisini, ikilenga nyama ya mjini isipande na kopo liweze kushindana nje. Mchuuzi wa kawaida alifika kwenye boma la mfugaji na fedha mkononi na kuongeza juu ya bei hiyo. Ng'ombe waliokuwa karibu na mpaka walivuka kwenda Kenya. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970 uliua makundi, Operesheni Vijiji ikahamisha watu na mazizi yao kwa wakati mmoja, na Uingereza, mteja mkuu wa kopo la Kawe, ilikuwa imeingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973 na kufungwa na masharti mapya ya kununua nyama kutoka nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo. Kiwanda kikawa kinachinja kidogo huku mishahara, umeme na madeni yakibaki palepale. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kawe ikanyamaza. Eneo lile bado linaitwa Tanganyika Packers, na siku hizi umati hukusanyika pale kwa mikutano ya injili.

Wengi hulaumu wizi na uzembe wa mashirika ya umma. Wizi ulikuwepo, lakini nadhani hata mameneja malaika wasingeliokoa shirika lile. Lilijengwa juu ya dhana kwamba ng'ombe ni malighafi inayongoja kuchukuliwa, wakati kila ng'ombe alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mke, wana na wazee wa ukoo wa kuwauliza kabla hajakubali bei.

Wasukuma wanashuka bondeni

Kwenye miaka hiyohiyo ambayo kiwanda cha Shinyanga kilikosa ng'ombe, ng'ombe wa Shinyanga walikuwa njiani kuelekea kusini. Kuanzia miaka ya 1970, na kwa wingi zaidi miaka ya 1980, familia za Kisukuma ziliondoka kwenye nchi iliyokauka na kujaa watu, zikapita Tabora na kuingia Mpanda, kisha zikashuka Bonde la Rukwa. Mzee alitangulia au alimtuma mwanawe mkubwa kutazama malisho. Wengine wakafuata na makundi. Walifyeka miti, na mti ulipopungua mbung'o akapungua. Nchi iliyokuwa ya wawindaji ikaanza kusikia kengele za shingoni mwa ng'ombe.

Ujio huu ulibadilisha mlo, kilimo na madaraka ya Mpimbwe. Jembe la kukokotwa na maksai liliwezesha kaya moja kulima eneo ambalo jembe la mkono lisingelifikia, na mpunga wa Majimoto na Mamba ukawa bidhaa ya kusafirisha. Ng'ombe alinunua shamba, mpunga ukanunua ng'ombe. Wapimbwe walipata soko na maziwa, lakini walipata pia jirani ambaye kundi lake liliweza kuingia kwenye mahindi usiku mmoja na kumaliza chakula cha mwaka. Ugomvi huo haujaisha. Mto Katuma, unaolisha mabwawa ya viboko ndani ya hifadhi kabla ya kumwaga maji Ziwa Rukwa, sasa unagombewa na mpunga, ng'ombe na wanyamapori, na wakati wa kiangazi maji hayawatoshi wote.

Wimbi jingine la wahamaji lilianza mwaka 2006 serikali ilipowaondoa wafugaji bonde la Ihefu, Usangu, ili kunusuru mtiririko wa Ruaha Mkuu. Familia zilizokuwa pale zilitawanyika Lindi na mikoa mingine, zikitafuta nyasi na kijiji ambacho kingewapokea.

Bucha: ng'ombe mmoja kwa siku

Katikati ya mabadiliko haya yote, biashara ya nyama iliyodumu Majimoto, Usevya, Mpanda na kila mji wa aina hiyo ni bucha ya familia. Inafaa kuitazama kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyozishinda kampuni na mashirika.

Mwenye bucha hununua mnadani au bomani. Humpima ng'ombe kwa macho na kwa mkono: anashika nundu, anatazama mapaja, anamzungusha. Ng'ombe wetu wa asili, zebu mwenye pembe fupi, hutoa nyama karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo dume la kilo 250 litaacha kilo kama 120 kwenye ndoano. Hesabu hiyo mnunuzi anaifanya akiwa amesimama juani, na akikosea kwa kilo 15 faida ya siku imekwenda. Ng'ombe anatakiwa kuwa na kibali cha kusafirishwa. Alfajiri, kabla ya adhana au mara tu baada yake, anapelekwa machinjioni, anachinjwa na mchinjaji Mwislamu ili kila mnunuzi aweze kula, na mkaguzi wa nyama anapasua mapafu, ini na tezi akitafuta minyoo, kifua kikuu na majipu. Nyama ikipita, mhuri unagongwa. Saa moja asubuhi nyama iko kwenye ndoano, gogo limefutwa, shoka liko tayari.

Hakuna chumba baridi. Kwa hiyo ng'ombe huyo lazima aishe siku hiyo. Steki na maini huondoka kwanza, kwa mwenye mgahawa na mtumishi wa serikali. Nyama ya mfupa huenda majumbani. Utumbo na kichwa huchukuliwa na mama wa supu. Miguu ina mteja wake, ngozi ina mchuuzi wake. Kinachobaki jioni hukatwa mishikaki. Baba ndiye anayejua minada, mama au binti ndiye anayeshika fedha, kijana yuko kwenye shoka, na hakuna anayelipwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Siku ambayo watu hawana fedha, kwa mfano kabla ya mavuno ya mpunga, bucha tatu huchangia ng'ombe mmoja. Siku za mavuno kila moja huchinja wake.

Watu wenye elimu huiita biashara hii duni. Mimi naiona imepangwa kwa akili sana kulingana na nchi isiyo na umeme wa kutegemewa. Mpanda iliishi kwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli za shirika la umeme, na mahali kama hapo jokofu bora la nyama ni ng'ombe aliye hai. Unamfungua siku unayomhitaji.

Ila ina dari. Familia ya bucha haiwezi kuuza kwa mteja anayetaka tani moja ya mapaja tu. Haiwezi kungoja bei ipande. Na hofu ikitokea, yote huanguka kwa siku moja. Mwanzoni mwa mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliingia Tanzania na kuua zaidi ya watu 140. Watu waliacha kula nyama. Mabucha yalifungwa hata katika miji ambayo haikuwa na mgonjwa hata mmoja, kwa sababu mwenye bucha hakuwa na karatasi ya kuonyesha nyama yake ilitoka wapi zaidi ya neno lake na mhuri wa wino.

Mzee Mzindakaya na SAAFI

Mwaka 1992 sheria ya mashirika ya umma ilibadilishwa na kazi ya kuyauza ikaanza. Machinjio ya kisasa ya Dodoma yalijengwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha yakaingizwa kwenye ubia. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 ilileta Bodi ya Nyama, na kwa mara ya kwanza bucha, mfugaji na kiwanda vikatajwa kama sehemu za tasnia moja. Katika kipindi hiki Rukwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado inaijumuisha Mpanda na Mpimbwe yote, ilipata kiwanda chake.

Aliyekijenga ni Chrisant Majiyatanga Mzindakaya, mtoto wa Ufipa, mtu wa TANU na CCM, mkuu wa mkoa wa zamani na mbunge wa Kwela. Nchi nzima ilimjua kwa hoja zake bungeni. Mwaka 1996 alisimamia suala la misamaha ya kodi ya mafuta ya kula lililomwondoa Waziri wa Fedha, Profesa Simon Mbilinyi. Mwaka 2001 suala la vibali vya kuagiza sukari lilimwondoa Iddi Simba kwenye uwaziri wa viwanda na biashara. Watu wakayaita mabomu ya Mzindakaya. Wachache nje ya Rukwa walijua kwamba mzee huyo alikuwa na ndoto ya nyama.

Kampuni aliiita Sumbawanga Agricultural and Animal Food Industries Limited, kwa kifupi SAAFI. Ilijengwa kwa mkopo wa benki uliodhaminiwa na serikali, na dhamana hiyo ilizua maswali ambayo aliyajibu hadharani mara nyingi. Hoja yake, kama ninavyoielewa, ilikuwa rahisi: Rukwa ina ng'ombe, mpaka wa Zambia uko karibu na Kongo ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na ni aibu ng'ombe aondoke na pembe zake na kwato zake na kila faida iliyomo ndani yake. Kiwanda kilikuwa na mstari wa kuchinjia, vyumba baridi na sehemu ya kukatia nyama vipande vya daraja. Wafipa na Wasukuma wa bondeni wangeuza hapo.

Mzindakaya alikuwa mwenyeji, jambo ambalo Liebig na LIDA hawakuwa. Alijua jina la mzee wa kila boma kubwa, na angeweza kukaa kwenye kigoda na kuzungumza bei kama mtu na mtu. Kiwanda chenyewe, hata hivyo, kina tabia zake. Mstari wa kuchinjia unadai makumi ya ng'ombe kila siku ya kazi, na mfugaji anadai fedha taslimu saa ileile, wakati mnunuzi wa mbali analipa baada ya wiki kadhaa. Mtaji wa kuziba pengo hilo ni mkubwa kuliko gharama ya majengo, nao ndio ambao mabenki huogopa kuutoa. Chumba baridi kinakula umeme hata kikiwa kitupu. Ng'ombe wa kununuliwa wanakuja kwa wingi kiangazi, wakati wa kulipa ada na kununua nafaka, wakiwa wamekonda. Masika, wakiwa wamenona, hakuna anayeuza. Riba ya mkopo haijui kiangazi wala masika.

Mwenye bucha wa Majimoto hana tatizo hata moja kati ya hayo, kwa sababu hana kiwanda. Ndiyo maana alipishana na kiwanda kwenye mnada uleule, akatoa bei ya juu kidogo, akaondoka na dume lake moja.

2012 hadi leo

Machi 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, ni mtu wa Kibaoni, Mpimbwe, jirani kabisa na Majimoto, na wengi bondeni walitarajia mkoa mpya ungekuja na kiwanda. Ulikuja na ofisi, barabara na halmashauri. Mwaka uliofuata ilikuja Operesheni Tokomeza. Ililenga majangili wa tembo, lakini ilipita juu ya wafugaji nchi nzima. Malalamiko ya vipigo, vifo na mifugo kupotea yalifika bungeni Desemba 2013, na mawaziri wanne wakaachia nafasi zao, akiwemo wa mifugo, Mathayo David. Kwa familia zilizoishi kando ya hifadhi fundisho lilikuwa zito: kundi kubwa sasa linaweza kukamatwa. Wengine waligawa ng'ombe wao kwa ndugu wa mbali, wengine wakauza na kununua nyumba Mpanda, trekta au mashine ya kukoboa mpunga. Kampeni ya kupiga chapa ng'ombe ya mwaka 2017, chini ya Waziri Luhaga Mpina, iliwapa wengi sababu nyingine ya kuhesabu upya.

Wakati huohuo, mbali na Katavi, viwanda vya watu binafsi vilianza kufanikiwa. Tan Choice huko Kibaha, Eliya Foods huko Longido na vingine vilipata wateja wa Uarabuni, na mwaka 2021/22 Tanzania iliuza nje zaidi ya tani 10,000 za nyama, kiasi ambacho Kawe ya miaka ya mwisho isingekiota. Viwanda hivi viko karibu na bandari, viwanja vya ndege au mpaka, na sehemu kubwa ya vinachosafirisha ni mbuzi na kondoo, wanyama ambao familia huwauza bila kikao cha ukoo. Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua barabara ya lami ya Tabora, Koga na Mpanda. Kwa bonde la Rukwa lami hiyo ina sura mbili: inapunguza gharama ya kupeleka nyama sokoni, na inapunguza gharama ya kumwondoa ng'ombe hai. Kwa sasa ya pili ndiyo inayotumika zaidi.

Mzee Mzindakaya alifariki Juni 2021. Kifo cha mwanzilishi ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa biashara ya familia, na kwa nyama ugumu huo una sura ya pekee. Zizi la ng'ombe 90 na warithi tisa lina suluhisho ambalo wazee wanalijua. Chumba baridi, mstari wa kuchinjia na deni la benki havigawanyiki tisa. Bucha nyingi za bonde hili hufa na mwenyewe kwa sababu hiyo: ng'ombe wanagawanywa, banda linauzwa, na kijana aliyeshika shoka miaka 10 anaanza upya akiwa na sehemu yake ya madume manne.

Anayetaka leo kuanza kusindika Majimoto, hata kwa kiasi kidogo cha soseji, nyama ya kusaga na vipande vilivyofungwa vizuri kwa hoteli za Mpanda, kisheria anaweza. Atahitaji kisima cha maji safi, sakafu inayooshwa, chumba baridi kimoja, cheti cha Shirika la Viwango na usajili wa Bodi ya Nyama. Atahitaji pia kwenda BRELA, kwa wasajili wa kampuni, akiwa na wanawe, mabinti wakiwemo, na kuandikisha hisa kwa jina la kila mmoja akiwa bado hai na mwenye nguvu, ili siku ya kugawa watu wagawane faida na mashine ibaki inazunguka.